Kredi za masomo: kipi kinahama nawe ukibadili chuo



Kila mara majibu ya Exetat yanapotoka, na tena vyuo vinapofungua milango, wazazi na vijana wa Nyamianda wanakuja kwetu na swali lilelile. Mtoto amesoma miaka miwili au mitatu ISP hapa Uvira, au ISTM au ISDR kule Bukavu. Sasa anataka kuendelea katika chuo kikuu. Je, miaka ile itahesabiwa, au ataanza upya kama mtu aliyetoka sekondari jana? Tumeona vema tueleze tulivyoelewa, maana sisi wenyewe tulikosea katika jambo hili, na kosa letu lilikula sadaka za watu.

Tuanze na lile linalowachanganya wazee wetu zaidi. Zamani mtu alisoma miaka 3, yaani G1, G2 na G3, akaandika TFC na kupata graduwa. Mwenye uwezo aliongeza miaka 2 ya L1 na L2 akawa na lisansi. Kwa hiyo kusema “binti yangu ana lisansi” ilikuwa kusema amekaa darasani miaka 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali imeeneza utaratibu wa LMD katika vyuo vyote: lisansi, masta, dokta. Lisansi ya LMD inachukua miaka 3, na masta inaongeza miaka 2. Jina ni lilelile lakini mzigo si uleule. Mzee mmoja, aliposikia mjukuu wake amemaliza lisansi kwa miaka 3, aliuliza mbele ya watu wote kama ameinunua. Hakuinunua. Ni neno lililohama, likawaacha wazee wetu njiani.

Kitu kipya kabisa katika LMD ni kredi. Katika utaratibu wa zamani mwaka ulihesabiwa kwa jumla: unapita au unarudia. Sasa kila somo lina uzito wake wa kredi, na uzito huo hauhesabu saa za kukaa mbele ya mwalimu tu, bali pia kazi anayofanya mwanafunzi peke yake. Muhula mmoja una kredi 30, mwaka una 60, lisansi nzima ina 180, na masta inaongeza 120. Somo ulilolipita, kredi zake zinabaki kuwa zako hata ukianguka katika somo lingine. Na zinaweza kuhama nawe kwenda chuo kingine.

Tumesema zinaweza. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu anayezipokea ndiye anayeamua. Chuo unachokwenda kinatazama kwanza kama chuo ulichotoka kinatambuliwa na serikali. Mkoani kwetu vyuo vya binafsi vimefunguliwa vingi, na si vyote vina kibali, kwa hiyo swali hilo liulizwe kabla ya kuingia, si siku ya kutoka. Halafu kinatazama somo lenyewe: uzito wake na yaliyofundishwa ndani yake. Aliyesoma Kifaransa ISP akienda kitivo cha lugha atakuta masomo mengi yanafanana. Aliyesoma maendeleo ya vijijini ISDR akitaka kilimo cha chuo kikuu atapata sehemu. Lakini muuguzi wa ISTM asidhani miaka yake 3 itamweka mwaka wa nne wa udaktari katika Université Evangélique en Afrique au chuo kingine chochote. Uuguzi na udaktari ni kazi ndugu, lakini masomo yake ya msingi hayakujengwa sawa, na mara nyingi mtu huyo anaanza chini au karibu na chini. Hili linaumiza, tunajua. Ni afadhali liumize mapema.

Wenye graduwa ya zamani wako katika hali ya pekee, kwa sababu karatasi zao zina pointi na saa, hazina kredi. Hawajapoteza kitu, ila ni lazima chuo kikae na kuzisoma somo kwa somo na kusema wanaingia wapi. Waombe jibu hilo kwa maandishi. Neno la mdomo la mtu wa ofisini linasahaulika ofisi ikibadilishiwa mtu.

Sasa tueleze kosa letu. Dada mmoja wa kwaya alisoma G1 na G2 katika chuo kimoja cha Bukavu, fedha zikaisha, akarudi nyumbani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika, na wote tunakumbuka watu na nyumba tulizopoteza. Yeye aliokoka pamoja na watoto, lakini sanduku la makaratasi lilikwenda na maji. Mwishoni mwa mwaka 2024 alitaka kuendelea na masomo. Kanisa likachanga, wengine wakatoa fedha ya ndagala za siku nzima, tukalipa minervali kwa furaha. Baada ya kulipa ndipo ofisi ya apariteri ikaomba releve, ile karatasi ya pointi za kila somo. Hakuwa nayo. Chuo kikamweka mwaka wa kwanza.

Tukaandika Bukavu kuomba nakala. Mwezi wa 2 mwaka 2025 M23 ikaingia Bukavu, na kupitisha hata bahasha moja kwa barabara ya Kamanyola kukawa kazi ngumu. Releve ilifika mikononi mwa jamaa yake mitihani ikiwa imekwisha. Chuo kilipoisoma kilikubali masomo kadhaa, na kikasema wazi kwamba kama ingefika mwanzoni angeanza mwaka wa pili. Kumbe alikuwa amerudia saikolojia ya jumla aliyokwisha kuipita, na safari hii akapata pointi chini ya zile za kwanza! Yeye anacheka akisimulia. Sisi hatucheki sana. Hatukukaa chini kuhesabu kama yule mtu wa mnara katika Luka 14. Tulichanga kwanza, tukauliza baadaye.

Kuna na wale wanaovuka mipaka. Bujumbura iko karibu kuliko Bukavu, na Burundi ina utaratibu wa aina hiyohiyo, unaoitwa BMD. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na jumuiya hiyo ilikwisha kutangaza eneo la pamoja la elimu ya juu tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka 2017. Lakini tangazo hilo halimlazimishi mkuu wa chuo kupokea kredi zako. Tena hesabu zinatofautiana. Kila mama anayeuza samaki Kalundu anajua kwamba franka elfu moja ya Burundi si franka elfu moja ya Kongo, ingawa zote ni franka. Kredi nazo ni vivyo hivyo. Kwetu 60 ni mwaka mmoja. Tanzania mwaka mmoja ni 120, na shahada ya miaka 3 ni 360. Kwa hiyo mtu mwenye 180 za hapa akifika Dar es Salaam asikubali kuambiwa amesoma nusu tu; aeleze kwamba hizo ni miaka 3.

Marekani ni kinyume. Ndugu zetu wengi waliopitia kambi ya Nyarugusu wamepokelewa huko, na watoto wao wanaanza katika vyuo vya jamii, vyuo vya miaka miwili vyenye ada nafuu. Diploma ya huko ni karibu kredi 60, kisha mtu anahamia chuo kikuu kumaliza mpaka karibu 120. Sitini zao ni miaka miwili. Yule aliyekwisha kusoma huku kabla ya kuondoka anaweza kupunguziwa masomo, akiwa na releve iliyotafsiriwa kwa Kiingereza na kupimwa na ofisi zinazofanya kazi hiyo. Ndiyo sababu tunapata simu usiku kutoka Marekani: “Mchungaji, nitafutieni releve yangu ya mwaka 2009.”

Kwa hiyo tumeanza jambo dogo. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa tatu asubuhi, ofisi ya kanisa hapa Nyamianda inapokea diploma ya serikali, releve za kila mwaka, na karatasi inayoeleza masomo kama chuo kiliitoa. Tunazipiga picha, tunazihifadhi mahali pawili, kimoja kikiwa nje ya Uvira, na picha nyingine inawekwa katika simu yako. Karatasi yenyewe unarudi nayo nyumbani siku ileile. Anayesoma sasa aombe releve kila mwaka unapokwisha, asingoje kumaliza. Na mwenye kuomba msaada wa minervali aje na jibu la chuo la maandishi linaloonyesha ataingia mwaka gani, ndipo tutatangaza mchango.