Kuitunza Akili Wakati wa Jilaal

Watu wa Lafey, katika Kaunti ya Mandera karibu na mpaka wa Somalia, hawahitaji kalenda ili kujua kwamba Jilaal imeingia. Upepo huwa mkavu, maji ya mabwawa hupungua mpaka yakabaki matope, na vijana huondoka na ngamia kwenda malisho ya mbali. Wasomali huugawa mwaka katika misimu minne: Gu, yaani masika, Hagaa ya katikati ya mwaka, Deyr, mvua za vuli, na Jilaal, ambayo hushika tangu Disemba au Januari mpaka mvua irudi. Kila mfugaji ajua kumtayarisha mnyama wake kwa msimu huo wa nne. Leo twataka kueleza jinsi mtu awezavyo kujitayarisha yeye mwenyewe, kwa kuwa akili nayo huchoka kama mwili.

Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua zilipungua misimu mitano mfululizo. Mifugo waliokufa katika Kenya nzima walipita milioni mbili. Kisha mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya kupita kiasi pamoja na mafuriko. Mkaaji wa mjini aweza kudhani kwamba hiyo ni hasara ya fedha tu. Sivyo. Ngamia ndiye maziwa ya watoto, ndiye mahari ya kijana, ndiye diya inayolipwa ili damu isimwagike, na ndiye heshima ya mzee barazani. Mtu aliyekuwa na ngamia thelathini akabakiwa na watatu amepoteza zaidi ya mali, wala si ajabu moyo wake ukimlemea.

Huzuni ya namna hiyo si wazimu, wala si dalili ya imani haba. Lakini yafaa itazamwe. Mtu akipoteza usingizi, akikataa chakula, akiacha kwenda msikitini na wenzake, akikasirika kwa neno dogo, au akilalamika kila siku juu ya kichwa na kifua ingawa daktari haoni ugonjwa, na hali hiyo ikaendelea kwa majuma mawili au zaidi, huenda ameshikwa na maradhi ambayo wataalamu huyaita sonona. Wanaume wa huku hawasemi, "Nina huzuni." Husema, "Mgongo waniuma." Basi msikilizaji awe na masikio mawili.

Dawa ya kwanza ni watu. Desturi ya kumpa jamaa aliyefilisika ngamia wa kukamuliwa kwa muda huleta maziwa nyumbani, na zaidi ya hayo humwambia mwenye kupokea kwamba angali mtu miongoni mwa watu. Wanawake nao wana ayuuto yao, ambamo kila mmoja hutoa kiasi kidogo na mmoja huchukua zote kwa zamu. Na kwa maoni yetu maongezi ya siku ile yana thamani sawa na fedha. Katika nchi ya Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina nyanya kukaa bencini na kuwasikiliza wenye mioyo mizito, na utafiti uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wengi walipata nafuu. Nyanya wa Lafey hawakosi hekima hiyo. Wanachokosa ni mtu wa kuwapelekea mgonjwa mapema.

Juu ya chakula, tusitie chumvi: hakuna chakula kiponyacho sonona. Hata hivyo njaa humfanya mtu awe mwepesi wa hasira na mzito wa fikra, na upungufu wa damu huleta uchovu unaofanana sana na huzuni. Wakati wa Jilaal, maziwa yakikauka, watu wengi huishi kwa chai yenye sukari nyingi. Chai hiyo hutuliza tumbo kwa saa moja tu, na ikinywewa usiku hufukuza usingizi. Afadhali nyama ikaushwe na kuhifadhiwa katika samli wanyama wangali na afya, wala isingojwe mpaka wakonde. Na maharagwe yanunuliwe pamoja na mchele pindi fedha ikipatikana. Miraa nayo huondoa usingizi na hamu ya kula, na mwenye kuitafuna mno aweza kuanza kuwashuku hata ndugu zake.

Wanaotumia dawa za akili wajihadhari na joto. Baadhi ya dawa hizo huuzuia mwili kutoa jasho vizuri, na dawa iitwayo lithiamu huweza kuwa sumu mtu akipungukiwa na maji. Mtu huyo akae kivulini adhuhuri, anywe maji mara kwa mara, na kabla ya mwezi wa Ramadhani amwulize daktari na shehe wake kuhusu kufunga. Asiiache dawa ghafla, hata akiwa anahama na mifugo. Aombe ya kumtosha safari.

Akisema kwamba afadhali afe, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Kamba, sumu na silaha ziwekwe mbali naye, na apelekwe hospitali. Zamani jamaa waliogopa kumpeleka, kwa kuwa kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai. Lakini mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu hicho cha sheria chapingana na Katiba. Basi mpelekeni kama mnavyompeleka aliyeumwa na nyoka, na mmoja wa jamaa abaki naye mpaka aonwe na mganga.