Je, Wajua? Koti la Ngozi Huanzia Mgongoni

Je, wajua kwamba ngozi ya ng'ombe mmoja, hata awe amenenepa namna gani katika malisho ya Bunda au Butiama, haina uimara ulio sawa pande zote? Ya mgongoni imeshikamana, ilhali ya tumboni hulegea na kuvutika. Kwa hiyo fundi stadi hukata vipande vya mgongo na kifua cha koti kando ya uti wa mgongo. Ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu ana ngozi nyepesi kuliko wa Ulaya, jambo ambalo kwa koti ni neema. Bahati mbaya makovu ya kupe, mikwaruzo ya miiba, chapa ya moto pajani na mikato ya kisu kilichoteleza wakati wa kuchuna havifutiki kiwandani. Basi kabla ya kununua, igeuze ngozi uitazame upande wa nyama, usije ukapitwa na mikato hiyo.

Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miwati, kama ya Njombe, huwa hudhurungi na ngumu, aali kwa mikanda. Iliyosindikwa kwa kromu, itokayo pipani ikiwa na rangi ya samawati, ndiyo laini ifaayo kuvaliwa.

Nawe utakaye kushonewa koti hapo Mukendo, mjini Musoma, mtake fundi akupime kwanza kwa kielelezo cha kitambaa cha amerikani, kwa maana tundu la sindano katika ngozi halizibiki abadani, na mshono uliofumuliwa huacha safu ya vitobo dhahiri kwa kila mtazamaji.