Kurudi Darasani Ukubwani: Mafunzo ya Cyangugu

Wanaorudi kujifunza ukubwani ni wa aina tatu. Yupo asiyewahi kuingia darasani au aliyeacha shule akiwa bado mdogo, ambaye sasa anaanza na herufi. Yupo mwenye kazi yake ambayo imegeuka, ikambidi ajifunze upya. Na yupo fundi mwenye ujuzi wa miaka mingi lakini hana cheti. Wote watatu wanapatikana Cyangugu, kusini magharibi mwa Rwanda, pale Mto Ruzizi unapotoka Ziwa Kivu, ng'ambo ya mji wa Bukavu ulioko Kongo. Tangu 2006 eneo hilo linaitwa Wilaya ya Rusizi, ingawa jina la zamani bado halijatoka vinywani mwa watu.

Waliokosa shule hawakuikosa kwa uvivu. Ada ya shule za msingi Rwanda ilifutwa mwaka 2003, na elimu bila ada ikafikishwa miaka tisa mwaka 2009, kisha kumi na miwili mwaka 2012. Kabla ya hapo, kusoma kulitegemea mfuko wa mzazi, na fedha zilipopungua binti ndiye aliyebakizwa nyumbani kwanza. Mwaka 1994 yakaja Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Familia ziliangamizwa, shule zikafungwa, na umati mkubwa wa watu ukavuka mpaka kwenda Bukavu, wengi wao wakikaa kambini hadi 1996. Watoto wa miaka ile leo ni watu wa makamo, na baadhi yao hawakupata tena nafasi ya kushika daftari.

Kundi hilo ndilo linalolengwa na madarasa ya kisomo. Kanisa la Kipentekoste la Rwanda, ADEPR, ambalo chimbuko lake ni misheni ya Waswidi iliyoanzishwa Gihundwe, Cyangugu, mwaka 1940, lilianza mpango wa kisomo cha watu wazima mwaka 1999. Mpango huo ulienea nchini, na mwaka 2012 ukapata Tuzo ya Mfalme Sejong ya UNESCO. Katika mji wa mpakani, faida ya kusoma huonekana mapema. Mama anayevusha mboga au samaki wadogo waitwao sambaza kwenda Bukavu hushika faranga za Rwanda na za Kongo kwa siku moja, hujaza karatasi za mpakani, na hupokea ujumbe wa malipo kwenye simu. Asiyejua kusoma humpa mtu mwingine simu yake pamoja na namba ya siri. Akishajua, husoma salio mwenyewe, na penye fomu huandika jina lake badala ya kuweka dole gumba.

Kundi la pili ni walimu. Oktoba 2008 serikali iliamua kuwa Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Cyangugu ilikuwa imezoea Kifaransa, na hata majirani zake wa Bukavu husoma kwa lugha hiyo. Mwalimu aliyefundisha hisabati kwa Kifaransa kwa miaka kumi na mitano alijikuta mwanafunzi. Likizo zikawa za mafunzo ya lugha, na jioni zikawa za kuandaa kwa Kiingereza somo ambalo zamani alilifundisha bila kutazama kitabu. Hesabu alizijua, kilichompungukia ni maneno ya kuzielezea mbele ya watoto.

Kundi la tatu ni mafundi. Rwanda ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, na chama cha wafanyakazi wa ujenzi, STECOMA, kimewasaidia waashi na maseremala wengi kuupitia. Fundi hapelekwi shule kuanza upya. Hupimwa kwa vitendo: anapanga tofali, anasimamisha kona, anaikagua kwa timazi, na kueleza vipimo vyake. Akifaulu hupewa cheti, nacho humwezesha kuomba kazi kwa makandarasi wanaodai karatasi.

Makundi yote matatu yanaonyesha jambo ambalo Tanzania ililijaribu mapema. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kisomo chenye manufaa kilichokuwa kikijaribiwa Mwanza kilifundisha kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba na uvuvi. Mtu mzima huvumilia darasa akiona kazi ya somo lenyewe kesho yake asubuhi.

Vikwazo navyo vinajulikana. Muda ni mchache, kwa sababu shamba, soko na watoto havisubiri. Aibu ya kukosea mbele ya vijana huwafukuza wengi kuliko ugumu wa masomo. Na baada ya miaka arobaini macho hupungua nguvu: mtu anayeonekana mzito wa kuelewa huenda anahitaji miwani na taa tu. Kwa hiyo darasa la watu wazima liwekwe karibu na wanakofanyia kazi, saa ambazo wana nafasi, na mwalimu awaheshimu kama watu wenye akili na uzoefu. Naye mwenye mzazi, jirani au mfanyakazi anayetamani kusoma asimcheke. Ampunguzie kazi ya jioni, amnunulie daftari, na amsindikize siku ya kwanza.