Kumi za Ziada Mbele ya Zebra

Barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro ikiingia penye makazi ya watu, huwekwa kibao cha 50. Tuseme magari mawili yanafika hapo sambamba: moja limetii kibao, jingine bado liko kwenye 80. Mita 30 mbele, mtoto anaingia kwenye zebra. Madereva wanamwona kwa wakati mmoja, na breki zao zina nguvu sawa. La kwanza linasimama karibu kabisa na mtoto. La pili linafika pale na kasi gani?

Wengi watatoa 50 kwenye 80, wapate 30. Jibu ni 72.

Hesabu yenyewe ni ya sekondari. Gawanya kwa 3.6 upate mita kwa sekunde: 50 ni 13.9, 80 ni 22.2. Dereva makini huchukua kama sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki, na katika sekunde hiyo mwendo haujapungua hata chembe. La kwanza limekwishakula mita 14, la pili 22. Kwenye lami kavu, tuchukue kwamba kila sekunde kasi inapungua kwa mita 6 kwa sekunde. Mraba wa kasi ya mwisho ni mraba wa kasi ya mwanzo, toa mara mbili ya upungufu huo zidisha umbali. La pili limebakiwa na mita 7.8 tu: 494 toa 94 ni 400, kipeuo chake 20. Hizo ndizo kilomita 72 kwa saa.

Dereva aliyepigwa tochi akiwa na 60 hulalamika kwamba amezidisha kumi tu. Kumi hizo zingemfikisha kwenye zebra akiwa na 39.

Mwaka 1638 Galileo Galilei alichapisha matokeo ya kuviringisha mipira ya shaba kwenye mfereji ulioinamishwa, muda akiupima kwa maji yanayochuruzika. Katika vipindi sawa vya muda mpira hukata vipande 1, kisha 3, 5, 7. Breki huugeuza mfuatano huo: 7, 5, 3, 1. Nusu ya kwanza ya muda wa kusimama humeza robo tatu ya umbali!

Mvua ikinyesha na tairi zikiwa vipara, uwezo wa kupunguza mwendo ukishuka kwa nusu, hata lile lililotii 50 litahitaji mita 46.