Jicho Lililokwaruzwa Lisitiwe Dawa Ovyo

Ndugu wafanyakazi, sisi tunaotoka Kisugu kila asubuhi kwenda viwandani twajua uchungu wa chembe ya chuma jichoni. Mimi iliniingia nikikata nondo bila miwani. Mwenzangu akanipa matone aliyobakiza nyumbani. Wekundu ukapungua siku hiyo hiyo, nikarudi kazini nikijisifu. Siku ya nne mwanga ukanichoma na kila kitu kikawa ukungu.

Sababu ni hii. Kioo cha jicho, yaani konea, hakina mishipa ya damu, na unene wake ni kama nusu milimita tu. Ngozi yake ya juu ikikwaruzwa kidogo hujifunga kwa siku chache. Vijidudu vikizama chini yake huweza kubaki kovu jeupe. Matone yale yalikuwa na steroidi. Daktari huyatoa kwa kipimo, kwa mfano kutuliza uvimbe baada ya kurekebisha macho kwa leza, tena humwangalia mgonjwa mara kwa mara. Kwenye kidonda chenye vijidudu huficha wekundu huku ugonjwa ukiendelea. Wenzetu wa mashamba ya miwa wana hatari nyingine: jani likikwaruza jicho huweza kuingiza kuvu.

Usisugue, usiazime matone. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, Mulago wapo. Na miwani? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Nilipoidai, msimamizi alicheka. Jicho langu la kulia bado linaona taa za magari zimezungukwa na ukungu.