Mbona Bunduki Nyingi? Kipenyo cha Mtutu na Hoja za Mkusanyaji

Msomaji wa Kenya, ambaye aghalabu huiona bunduki begani mwa askari tu, hushangaa anaposikia kwamba nchini Marekani raia mmoja aweza kuhifadhi kabatini bunduki kumi, kila moja ikitumia risasi ya aina yake. Wepesi wa kuhukumu humfanya aseme kuwa huo ni wazimu au ni maandalizi ya vita. Wa namna hiyo wapo. Hata hivyo, hoja za mkusanyaji wa kawaida ni za kadiri zaidi, na nyingi hufungamana na kipenyo cha mtutu. Wazungu hukiita kipimo hiki kwa neno linalodhaniwa kuwa na asili ya Kiarabu, lile lile lililokipa Kiswahili neno kalibu, yaani chombo cha kusubia madini kama vile risasi.

Hoja ya kwanza ni ya kazi. Risasi ya nukta 22, yaani sehemu 22 za mia za inchi, ni ya bei nafuu na haimsukumi mpigaji begani. Ndiyo afundishiwayo mwanagenzi na ndiyo iwindiayo kindi na sungura. Ayala huhitaji risasi nzito zaidi, na bata arukaye huhitaji marisau.

Hoja ya pili ni ya uhaba. Baada ya mauaji ya watoto wa shule mjini Newtown mnamo Desemba 2012, wanunuzi waliohofia sheria mpya walifagia maduka, hata risasi hiyo duni ya nukta 22 ikaadimika kwa muda mrefu. Hali kama hiyo ilirejea mwaka 2020. Mwenye bunduki za vipenyo mbalimbali hakukwama. Lakini hoja hii hujiuma yenyewe, kwani ulimbikizaji wa wenye hofu ndio uliozidisha uhaba walioukimbia.

Iliyo na uzito zaidi, na ambayo mwanafasihi ataielewa upesi, ni ile ya historia. Katika jina 30-06, tarakimu mbili za mwisho ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoikubali risasi hiyo. Nukta 45 ya Colt ni ya 1873. Mkusanyaji huyasoma majina haya kama msomi asomavyo tarehe za miswada. Kwa bunduki kongwe ambazo viwanda havizitengenezei risasi tena, wengine hujiundia zao nyumbani ili zisigeuke mapambo ya ukutani.

Majina hayo, hata hivyo, hudanganya. Nukta 38 Special kwa hakika ina kipenyo cha nukta 357. Bunduki za marisau nazo hupimwa kinyume: kipimo cha 12 maana yake ni kwamba vitufe 12 vya risasi vyenye upana wa mtutu huo hutimiza ratili moja; kwa hiyo mtutu wa 20 ni mwembamba kuliko wa 12. Mwenye zote mbili akitia kwa bahati mbaya risasi ya 20 katika mtutu wa 12, huteleza ndani na kukwama asiione. Akitia ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu waweza kumpasukia mkononi. Ndiyo sababu risasi za 20 hutiwa rangi ya manjano.