Nesi akitazama kompyuta, hajakupuuza

Mzazi, umefika hospitali na mtoto ana homa, lakini macho ya nesi yapo kwenye kompyuta. Unanung'unika. Usikilize na upande wake.

Hospitali nyingi za umma nchini sasa zinaingiza taarifa zako kwenye mfumo wa kompyuta, kama GoTHOMIS. Wauguzi ninaofanya nao kazi hawaukatai. Wanafurahi kwamba faili halipotei, na mwandiko wetu madaktari (mnaujua) hauhitaji kukisiwa. Kinachowachosha ni kuandika mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye daftari la MTUHA. Umeme ukikatika, au kompyuta moja ikigombewa na zamu nzima, wanarudi kwenye karatasi, kisha baadaye wanahamisha kila kitu. Hapo ndipo makosa huingia.

Kosa linaweza kuwa kwenye uzito wa mtoto. Dozi ya parasetamoli ya mtoto huhesabiwa kwa kilo, kwa kawaida miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja. Kilo 9 zikiandikwa 19, dozi inazidi maradufu, na si kila programu itakayobisha.

Kwa hiyo uliza: "Sista, umeandika kilo ngapi?" Hakuna ubaya, na muuguzi aliyechoka anahitaji jicho la pili. Kama mtoto ana mzio wa penisilini, utaje kabla ya kila sindano, hata kama uliutaja mapokezi. Kadi ya kliniki usiiache nyumbani. Mfumo ukikwama, tutaanza na hiyo.